Nyumba Iliyopimwa kwa Boriti

"Ami, umepoteza kitu?" aliniuliza kijana aliyekuwa akitutembeza.

Wageni wenzangu walikuwa wamekizunguka kitanda cha ulili, simu mkononi. Mimi nilikuwa nimebaki katika msana, yaani ukumbi, wa kwanza, bega ukutani, mikono nimeinyoosha napima upana wa chumba. Pima moja na nusu, na kashibiri. Nikahamia chumba cha pili, nikapima tena: pima moja na nusu. Cha tatu, kile cha ndani kabisa: vivyo hivyo. Vyumba vitatu, vyote virefu, vyote vyembamba, vimelazwa ubavu kwa ubavu kama samaki kwenye kapu.

Nilimjibu kwamba sikupoteza kitu, nilikuwa namtafuta aliyeichora nyumba ile. Nikamwonyesha juu, kwenye dari.

Nyumba yenyewe ni ile ya makumbusho ya nyumba ya Kiswahili, katika vichochoro vya mji wa kale wa Lamu. Ilijengwa karne ya 18, Lamu ikiwa na utajiri wake. Mji wenyewe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Wageni wengi huingia humu wakatazama vitanda, viti vya enzi, mbuzi ya kukunia nazi na sahani za kaure, kisha wakatoka. Vitu hivyo ni vizuri, lakini kila kimoja kingeweza kuwekwa kwenye kabati la kioo popote. Kisichoweza kubebwa ni nyumba, na nyumba huanza kusomeka ukiinua kichwa.

Juu kuna boriti, miti ya mikoko iliyokatwa kwenye mikono ya bahari inayozunguka visiwa hivi, ikapangwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta. Wakata mikoko wa Lamu hawaiti kila mti boriti. Wana majina kwa unene: fito ndizo nyembamba kuliko zote, kisha pau, kisha mazio, ndipo boriti, halafu nguzo na vigingi. Boriti ina unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi, mti ambao mtu mmoja anaweza kuubeba begani. Haiozi upesi, na mchwa hawaupendi mkoko kwa sababu ya ukali uliomo ndani yake, ule ule unaotumika kutengeneza ngozi.

Sasa fikiria mzigo unaobebwa. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe. Juu ya mawe humwagwa kokoto na chokaa, kisha watu hupiga sakafu kwa vijiti, mpigo baada ya mpigo kwa muda mrefu, hata chokaa ishikane na kuwa kitu kimoja. Hiyo ndiyo sakafu ya juu, au paa, na uzito wake si wa kuchezea. Ukirefusha boriti mara mbili chini ya mzigo wa namna hiyo, nguvu inayoikunja katikati haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Mafundi wa Lamu hawakuhitaji kuliandika hilo. Walikuwa wameona boriti zilizolegea na sakafu zilizopasuka, wakajua mpaka wao ni pima moja na nusu au juu yake kidogo. Tajiri angeweza kununua kaure ya China na hariri ya Bara Hindi, lakini chumba kipana hakununua. Alichoweza ni kurefusha chumba, na kuongeza kingine nyuma yake.

Hapa ndipo ninapowaheshimu sana mafundi hawa. Waliletewa kizuizi, nao wakakifanya kuwa adabu ya nyumba.

Kipimo hicho cha boriti kilisafiri. Kwa miaka mingi majahazi yaliondoka Lamu na kaskazi ikipungua, yamesheheni boriti za kupeleka Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea. Mtu akiingia nyumba ya zamani kule Kuwait atakuta chumba chembamba na dari ya miti iliyopangwa, ambayo wenyewe huiita chandal. Biashara hiyo ilikoma rasmi mwaka 1982, Kenya ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje.

Turudi tulipoingilia. Mwongozaji wetu alitupitisha barazani haraka mno, nami kwa maoni yangu hapo alitunyima nusu ya somo. Nje ya mlango kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni asiye wa karibu hukomea hapo, na mazungumzo yote ya biashara yakaishia hapo. Ukivuka mlango unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na njia inapinda. Kupinda huko si kwa ajili ya urembo: hata mlango ukiachwa wazi, mpita njia haoni ndani. Kisha unatokea kiwanda. Kwa Kiamu kiwanda si mahali pa mashine. Ni ua ulio wazi juu, na ndio unaoleta mwanga na hewa nyumba nzima, kwa kuwa kuta za nje hazina madirisha ya maana.

Kutoka kiwanda unapanda daraja moja kuingia msana wa tini. Daraja nyingine, msana wa yuu. Nyingine tena, ndani. Sakafu inapanda, mwanga unapungua, na mapambo ya ukutani yanazidi. Mpangilio huo wote umetokana na boriti: kwa kuwa huwezi kuwa na ukumbi mmoja mpana, unapata kumbi tatu nyembamba, na kila moja inakuwa ngazi ya ukaribu. Ukiambiwa uingie msana wa tini umeheshimiwa. Ukifika ndani wewe ni wa nyumba. Nyumba kubwa za namna hii huwa pia na nyumba kati huko nyuma, chumba ambamo watu walizaliwa na maiti wakaoshwa.

Ukuta wa ndani ndio unaopigwa picha zaidi, ule wenye zidaka. Ni safu juu ya safu za vishimo vya kuwekea vyombo, vimezungushiwa nakshi iliyochongwa kwenye lipu ya chokaa kabla haijakauka kabisa. Nilisogea karibu, pua ikikaribia kugusa. Katika kona moja lipu imemeguka kipande kama cha ukucha, na hapo unaona kila kitu kilivyopangwa: jiwe la tumbawe lenye vijitundu kama sifongo, kisha chokaa nene yenye chembe za mchanga, kisha ngozi nyembamba nyeupe, laini kama ganda la yai. Makali ya nakshi hayako sawasawa. Mkono wa fundi umeteleza mahali, akarudi akasawazisha. Miaka zaidi ya mia mbili imepita na mteleziko wake bado uko pale.

Watu huambiwa zidaka ni za kuonyesha mali. Ni kweli, lakini zina kazi nyingine kwa macho. Chumba kina upana wa pima moja na nusu tu. Ukuta mtupu ungekukaba. Kila kidaka kinashika kivuli chake, na vivuli vile humfanya mtu auone ukuta uko mbali kuliko ulipo. Chumba hakijaongezeka hata shibiri moja, ila kifua kinapumua.

Chokaa nayo ina habari yake. Hutengenezwa kwa kupanga magogo duara, matumbawe juu yake, kisha moto unawashwa katikati ya tanuu. Kinachobaki huachwa kwa miezi kikinywa unyevu taratibu. Kuta hizi nene hufyonza maji kutoka ardhini na chumvi kutoka hewani, nayo chokaa huuruhusu unyevu utoke tena. Ndiyo maana nilihuzunika tulipopita nyumba moja mtaa wa nyuma iliyozibwa kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe inalolifunika na haipitishi mvuke. Maji yamenaswa ndani, chumvi imesukuma, na lipu ile mpya imeanguka mabamba mabamba pamoja na uso wa tumbawe. Aliyefanya vile alikuwa na nia njema ya kuimarisha. Chokaa ingemgharimu subira zaidi, na ukuta ungekuwa mzima.

Chooni tuliona birika la maji, na humo visamaki vidogo vikizunguka. Vinakula viluwiluwi vya mbu. Wageni walicheka kwa furaha, na kwa mara ya kwanza nikamsikia kijana wetu akieleza jambo kwa moyo wote, bila kukariri. Jiko liko juu ya paa, ili moshi na joto viende zake. Kwa hilo sina la kuongeza.

Tulipokuwa tunateremka nilimwomba atufanyie jambo moja: aturudishe ndani, tukae kitako kimya, nyuso zetu zikielekea kiwanda. Alikubali. Tulikaa kwenye mkeka, watu saba, migongo yetu ikielekea zidaka. Mbele yetu milango mitatu ilikuwa imepangana, na mwishoni ule ua mweupe unaowaka jua.

Hodi ikapigwa. Kundi jingine lilikuwa limefika na mwongozaji wake. Tukawaona wakitokea tekani mmoja mmoja: mama mwenye mtandio wa buluu, mwanawe anayevuta mkono wake, mzee akifuta jasho shingoni. Tuliona hata kifungo kilichokosekana kwenye shati lake. Wao walikunja nyuso, wakaweka viganja juu ya macho, wakachungulia giza la msana.

"Hamna mtu," yule mtoto akasema.

Kijana wetu akanigeukia, macho yamemtoka. Alikuwa amefanya kazi katika nyumba ile siku nyingi, na hakuwahi kukaa hapo.

"Karibuni," akaita kwa sauti ya chini, na wote pale uani wakashtuka.