Pongezi kwa Msoma Damu

Kuna watu wakiombwa wazo jipya hutafuta mlango ulipo. Wape utaratibu uliokwisha kupimwa, hakuna anayewafikia. Maabara ya malaria ni nyumbani kwao.

Mtazame mtaalamu wa maabara akiwa kazini. Utando mwembamba wa damu anaugandisha kwa methanoli. Tone nene haligusi, maana seli zake nyekundu lazima zipasuke ili vimelea vionekane. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10 hukaa kiasi cha dakika 10, kwa saa, si kwa kukisia. Kisha tone la mafuta, lenzi ya mara 100, na macho. Mkono mmoja unasogeza kioo, mwingine unabonyeza kihesabio: vimelea huku, chembe nyeupe kule, mpaka chembe hizo zifike 200. Asipoona kitu, haandiki "hakuna" kabla ya kupitia maeneo 100. Foleni nje inanung'unika; yeye anahesabu.

Ubunifu hapa ni balaa: anayeruka hatua humrudisha mgonjwa nyumbani bila dawa.

Daktari Mfaransa Laveran aliviona vimelea hivyo Algeria mwaka 1880, akapewa Nobel mwaka 1907. Wanaoviona leo hawapewi hata asante. Ukichukua majibu yako safari ijayo, mpe msoma damu asante yako.