Faili Zilizokwama Baina ya Vyumba Viwili

Katika Kata ya Chonyonyo, Wilaya ya Karagwe, ambako nyumba nyingi zimesitirika nyuma ya migomba na mibuni, kompyuta mbili chini ya paa moja si ajabu tena. Bali la kustaajabisha ni kwamba kompyuta hizo, zilizotengwa na ukuta mmoja tu wa matofali, aghalabu hupelekeana faili kwa flashi inayobebwa mkononi, au, vibaya zaidi, kwa kupandisha nyaraka kwenye hifadhi za intaneti zilizo ng'ambo ya bahari na kuziteremsha tena, bando likiliwa mara mbili kwa safari isiyokuwa na haja. Ruta ya sebuleni ina uwezo wa kuziunganisha hata siku ambayo haina bando lolote, maadamu umeme upo.

Nyumba ninayoitolea uchambuzi ni ya mwalimu mmoja. Kompyuta ya mezani, kuukuu, yenye Windows 7, ndiyo hazina ya mitihani, picha za aila na hesabu za kahawa. Mpya ni kompyuta mpakato yenye Windows 11 Pro, toleo la 24H2. Ile mpya ilikataa katakata kuifungua folda iliyomo katika ile ya zamani, na lawama zote zikaiangukia ruta, ilhali ruta haikuwa na hatia.

Uchunguzi wa namna hii sharti uanze na waya, kisha anwani, kisha faiwoli, na idhini iwe mwisho, kwa kuwa kila daraja huitegemea ile iliyo chini yake, na anayeanzia juu huweza kubadilisha mambo mengi yaliyokuwa salama kabla hajaligusa lililoharibika. Anwani ya kompyuta ya mezani ilikutwa ikianza na 169.254, tarakimu ambazo kompyuta hujipa yenyewe inapoiomba ruta anwani isipate jibu. Waya ulikuwa umelegea, ukakazwa, na anwani ikageuka kuwa ya 192.168 kama ya mwenzake. Hata hivyo folda haikufunguka, kwa sababu kompyuta hiyo ilikuwa bado inauhesabu mtandao wa nyumbani kuwa ni wa umma, na katika mtandao wa umma faiwoli ya Windows huzuia ugawanaji wa faili, jambo la busara kwa anayefanya kazi hotelini lakini kikwazo kwa aliye kwake. Mtandao ulipotambulishwa kuwa ni wa nyumbani, na anwani ya tarakimu ikaandikwa badala ya jina la kompyuta, ili shaka ya majina iondoke kabisa, jibu likaja: sera za usalama za taasisi yako zinazuia wageni wasiothibitishwa.

Ujumbe huo huwatia watu fadhaa, kwa kuwa mwenye nyumba hana taasisi yoyote; lakini ndani yake mna ukweli wote. Fundi wa zamani alikuwa amezima sharti la nywila, hivyo kila aliyeijia folda aliingizwa kama mgeni asiye na jina. Windows 11 Pro ya 24H2 hudai kila ujumbe wa itifaki ya SMB, ambayo ndiyo hubeba faili hizi, utiwe sahihi kwa ufunguo unaotokana na nywila. Mgeni hana nywila, kwa hiyo hana ufunguo, wala hawezi kutia sahihi.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuzima faiwoli na kuirejesha SMB ya kwanza, ile ya kale. Dawa hiyo ni batili kwa hoja mbili. Kwanza, haikuhitajika, kwani Windows 7 inafahamu SMB 2.1 tangu ilipotoka mwaka 2009. Pili, ni hatari iliyokwisha kuthibitika: tarehe 12 Mei, 2017, programu haramu ya WannaCry ilipenya kwa kasoro ya SMB ya kwanza, ikafunga faili katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa, ijapokuwa kiraka cha kasoro hiyo kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Mwishoni mwa mwaka huo huo Microsoft iliacha kuiweka itifaki hiyo katika Windows 10 mpya, na mimi naona ilifanya haki.

Dawa iliyofaa ilikuwa nyepesi. Sharti la nywila lilirudishwa katika kompyuta ya mezani. Ikafunguliwa akaunti ya mwalimu yenye nywila, kwa maana Windows haikubali akaunti isiyo na nywila kuingia kwa njia ya mtandao. Kisha ruhusa ikatolewa mahali pawili, kwenye ugawanaji wa folda na kwenye usalama wa faili zenyewe, ambako ruhusa iliyo finyu zaidi ndiyo inayoshinda. Anayeingia kwenye kompyuta yake kwa PIN akumbuke kwamba PIN ni ya mashine ile ile tu. Mtandaoni huulizwa nywila. Folda ikafunguka, na faiwoli ikabaki imewaka.

Yamebaki mambo mawili. Msaada wa Microsoft kwa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari, 2020, na kwa hiyo kompyuta hiyo haifai tena kufunguliwa intaneti. Tena folda inayoonekana katika kompyuta mbili bado ni nakala moja, na diski ikifa faili hufa nayo. Nakuomba basi, msomaji, uhifadhi nakala ya pili kwenye diski ya pembeni, na fundi akitaka kuizima faiwoli, umtake kwanza akuonyeshe anwani za kompyuta zote mbili.