Kuimba Jina la Kitabu

Kwenye What's Love Got to Do with It, filamu ya 1993 kuhusu Tina Turner, kuna tukio fupi linalonisumbua. Tina, anayeigizwa na Angela Bassett, amechoka na kipigo cha Ike. Rafikiye Jackie anamfunza maneno ya Wabuddha: Nam-myoho-renge-kyo. Muda si mrefu tunamwona ndani ya gari la kifahari, Ike anampiga, na safari hii naye anarudisha.

Hapo tumepunjwa. Mantra imekuwa kama Panadol: unameza, maumivu yanaisha. Tina mwenyewe alianza kuimba maneno hayo miaka ya 70, na alikuwa bado anayasimulia akiwa bibi mzee huko Uswisi. Miongo, wasee.

Halafu kuna swali la maneno yenyewe ni nini. Nam ni kujitoa kwa unyenyekevu, neno lenye asili ya Kisanskriti. Yaliyobaki ni jina la kitabu! Ni Sutra ya Lotus, kwa matamshi ya Kijapani ya jina ambalo Kumarajiva aliipa alipoitafsiri kwa Kichina mwaka 406. Mwaka 1253 mtawa Nichiren akaanza kuhimiza watu waliimbe jina hilo. Yaani hata mkulima asiyejua kusoma angebeba kitabu kizima mdomoni. Mimi niliyeacha chuo na rundo la vitabu vya "nitasoma baadaye", hiyo inaniuma kidogo.

Huku Kasikeu mambo haya si mageni vile. Mama akishika rozari anarudia Salamu Maria mara 53, na hakuna anayemuuliza ile ya 40 imeongeza habari gani. Kina susu nao walicheza kilumi, mdundo uleule kwa saa nyingi, wakiomba mvua ama kumtuliza mtu aliyeshikwa na pepo. Ukirudia kitu, mwanzoni unasikia maana. Baadaye unasikia pumzi yako, halafu ile hasira uliyokuja nayo.

Bassett angeweza kuigiza hilo, kipaji anacho tele. Ningependa kuona asubuhi moja ya kawaida: Tina amepiga magoti, Ike amelala chumba cha pili, saa nzima imepita na hakuna kilichobadilika. Na kesho yake, kabla nyumba haijaamka, amepiga magoti tena.