Manati si ya mababu, lakini ni yetu

Kila mara tunapoandika juu ya michezo ya utoto, manati inawekwa pamoja na ngoma na hadithi za jioni: «urithi wa mababu». Tuseme wazi: si kweli. Upinde ndio wa mababu. Manati inataka mpira wenye kuvutika, na huo watoto wetu waliupata ndani ya gurudumu la kinga, lile la upepo ambalo Dunlop alianza kulitengeneza katika mwaka 1887.

Na mpira huo una habari yake kwetu. Kati ya 1885 na 1908, Leopold II akitawala, watu wa Equateur walilazimishwa kutoa utomvu wa kamba za msituni. Wasiofikisha kilo walipigwa, wengine walikatwa mikono. Mpira ulikwenda Ulaya, kisha magurudumu yakaja kuuzwa hapa.

Mtoto njo aliuchukua bila kulipa: mpira uliotoboka, tawi la mpera lenye panda, ulimi wa kiatu cha zamani. Alijua kukata mikanda miwili ya upana mmoja, juu ukikosea hapo, jiwe linaenda kando. Hiyo ni elimu ya mkono.

Tusiisifu kupita kipimo. Ndege na vioo vya majirani vinajua ubaya wake. Lakini tukiifundisha tena, mtoto apige kopo tupu, na tumweleze habari ya mpira. Tukimwambia tu «ni ya mababu», tunamficha yale ambayo mababu waliteswa nayo.