"Awaara" na Swali la Nasaba

Filamu ya Awaara, aliyoiongoza Raj Kapoor mwaka 1951, ilipendwa mno Unguja na Dar es Salaam, hata na wasiojua Kihindi. Kudai kwamba zilizopendwa ni nyimbo zake tu hakutoshi. Jaji Raghunath anashikilia kuwa mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Kwa kushuku mimba ya mkewe, anamfukuza; kumbe Raju, anayezaliwa mitaani na kufunzwa wizi na Jagga, ni damu yake mwenyewe. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," hunena Waswahili. Mtazamaji wa pwani, aliyezoea watu kupimwa kwa nasaba, aliiona methali yake ikihojiwa mahakamani, na jaji mwenyewe akitakiwa kujibu. Hiyo ndiyo siri ya kupendwa kwake.