Imeingia, Haijakaa

Breki ya nyuma ya gari la zamani haina mtu wa kuisifu. Kwenye maonyesho watu huizunguka injini iliyong'arishwa, wakapiga picha rangi na viti vya ngozi, lakini ni nadra kumwona mtu amepiga magoti akichungulia nyuma ya gurudumu. Mimi namsifu fundi aliyelala huko chini. Namsifu hasa yule anayetoa breki kwenye ekseli moja na kuzifunga kwenye nyingine, iliyotoka gari jingine na mwaka mwingine, kisha gari likasimama bila kuyumba.

Ufundi huu una makao yake kwenye njia moja ya Marekani. Ukitoka Louisville, Kentucky, ukashika barabara kuu ya I-71, utapita Cincinnati na kufika Columbus, Ohio. Ukiendelea hadi Cleveland, ukageukia I-90 kando ya Ziwa Erie, utaingia Buffalo, New York. Ni zaidi ya kilomita 800. Mwezi Julai magari ya zamani hujaa kwenye viwanja vya Ohio Expo Center, Columbus. Agosti zamu huwa ya Kentucky Exposition Center, Louisville. Na Louisville, Columbus na Buffalo zote zina wasemaji wa Kiswahili, watu wa Kongo ya mashariki na Burundi, Wasomali Wabantu, wengi wao waliofika kama wakimbizi. Kati yao wamo mafundi waliojifunzia kazi chini ya mwembe.

Chukua Mustang ya 1965. Iliyotoka kiwandani na injini ya silinda 6 ilipewa magurudumu ya nati 4 na dramu za inchi 9. Ya V8 ilipewa nati 5, ekseli nzito zaidi na dramu za inchi 10. Basi mwenye silinda 6 akishaweka V8, gari linakimbia kuliko linavyosimama, na ndipo anapotafuta ekseli ya gari la ukoo uleule. Wengi huishia kwenye Ford Maverick ya V8 ya miaka ya 1970. Ekseli yake ina upana wa inchi 56.5, ya Mustang, inchi 57.25. Kila upande tofauti haifiki sentimita moja. Jicho haliwezi kuiona, ila tairi pana litaijua siku litakapoanza kukwaruza springi.

Huko Louisville nilisimama kando ya fundi mzaliwa wa Uvira wakati kijana wake anajaribu sahani ya breki, lile bati linalobeba viatu vya breki, kwenye ncha ya hausing ya ekseli ya Ford iitwayo ya inchi 9. Matundu manne yaliingia kwenye boliti bila shida, kijana akatabasamu, mkono ukaenda kwenye nati. Mzee akamzuia: "Tulia, kijana. Imeingia, haijakaa. Lete venia."

Alipima umbali kutoka uso wa hausing hadi uso wa flanji ya shafti, pale dramu inapoegemea. Ekseli hizo zilitengenezwa kuanzia 1957 hadi 1986, na kipimo hicho si kimoja kwa zote: kwenye baadhi ni inchi 2.36, kwenye nyingine 2.5. Ni milimita tatu na nusu tu. Lakini ukichanganya, ama mdomo wa dramu utasaga sahani, ama kipande cha lining kitabaki nje, hakigusi chuma, na mguu wako utadhani una breki nzima. Kisha akapima tundu la katikati la dramu. Lazima likae juu ya kitovu cha shafti kwa kubana. Dramu iliyoning'inia kwenye boliti za gurudumu peke yake itazunguka upogo na kanyagio litatetemeka mguuni. Yote hayo kabla hajafunga nati hata moja. Ufundi ninaousifu ni huo, wa kukataa kuamini kwamba kinachoingia kimekaa.

Wenye kubuni breki hizi walikuwa na akili nyingi sana, na anayehamisha vipuri analazimika kuifuata akili yao hatua kwa hatua. Ukikanyaga, kiatu cha mbele hushikwa na dramu inayozunguka, kikavutwa nayo, na kwa chini kikasukuma kiatu cha nyuma, ambacho ndicho hubeba kazi kubwa. Ndiyo maana kiatu cha nyuma kina lining ndefu na cha mbele fupi. Ukivibadilishana nafasi, breki itafungika vizuri kabisa mezani, kisha barabarani itashika kwa unyonge. Kile kigurudumu chenye meno kinachorekebisha nafasi ya viatu nacho kina uzi wa kushoto upande mmoja wa gari na wa kulia upande wa pili. Ukikosea upande, kila kinapojirekebisha kitalegeza badala ya kukaza. Kwa hiyo fundi mwenye busara hafungui pande mbili kwa pamoja. Mmoja huuacha mzima, autazame anapofunga mwenzake.

Silinda ya gurudumu ndiyo inayoniogopesha zaidi. Ukitoa ya kipenyo cha 7/8 ya inchi ukaweka ya 15/16, umeongeza milimita moja na nusu tu, lakini nguvu inayosukuma viatu imepanda kwa karibu asilimia 15. Gari likifunga breki, uzito huhamia mbele na nyuma hubaki nyepesi. Breki ya nyuma iliyozidi nguvu hukaza magurudumu mapema, na kwenye barabara yenye maji mkia wa gari huja mbele.

Columbus ina haki yake katika habari hii. Eddie Rickenbacker, rubani shujaa wa vita vya kwanza vya dunia, alizaliwa hapo mwaka 1890. Kampuni ya magari iliyobeba jina lake ilipoweka breki kwenye magurudumu yote manne mwaka 1923, washindani waliwatisha wanunuzi kwamba jambo hilo ni la hatari. Kampuni ilikufa mwaka 1927. Breki za magurudumu manne zimebaki.

Buffalo nayo ilitengeneza ekseli zenyewe. Kiwanda cha East Delavan Avenue kilikuwa cha Chevrolet, mwaka 1994 kikaingia mikononi mwa American Axle, kikafungwa 2007. Sasa mji huo unajulikana kwa theluji, na chumvi inayomwagwa barabarani hula bomba za breki na sahani mpaka ukizigonga zinamomonyoka. Huko ekseli nzuri huwa ni ile iliyoletwa kutoka kusini.

Kwetu jambo hili si geni. Land Rover fupi, ile ya 88, ilikuja na dramu za inchi 10, na ndefu ya 109 na za inchi 11, na kuzihamisha kutoka ndefu kwenda fupi ni kazi inayojulikana. Aliyepitia kazi hiyo hahitaji kuanza upya anapokutana na Maverick. Anahitaji kujifunza namba za Ford, na kuacha desturi moja tuliyonayo, ya kupuliza vumbi la breki kwa upepo wa kompresa. Lining za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huua mapafu polepole. Lilowanishe kwanza, ulifute kwa kitambaa kibichi, ndipo uguse springi.

Louisville mwezi wa Agosti hujaa wazee wanaozijua namba hizo za Ford kwa kichwa, na wengi wao hufurahi kuulizwa. Vijana wetu wa kule wanaoshinda kwenye maghala ya mizigo wangefaa kwenda kukaa nao. Anayekwenda abebe venia yake, na atakapoona ekseli inauzwa, aombe dramu itolewe kabla ya kuongea bei.