Tarehe 14 Iliyorukwa

Kupandisha bei ya mafuta katikati ya mzunguko, kama EPRA, mdhibiti wa mafuta nchini Kenya, ilivyofanya kuamkia Julai 1, 2023, kulikuwa kosa, na bado sijasikia utetezi wake ukasimama. Dereva wa Nairobi hana njia nyingi za kupata petroli nafuu. Kikomo cha bei ni kimoja mji mzima, na vituo vingi huuza papo hapo kwenye kikomo ingawa kanuni zinaviruhusu kushuka. Hili nimelilalamikia miaka yote na nitaendelea. Kilichobaki ni kalenda. Tangazo la bei hutoka tarehe 14 ya kila mwezi, bei huanza 15. Zikipanda, unajaza tangi jioni ile ile. Zikishuka, unasubiri kukuche.

Usiku ule kalenda ilichanwa. Bei za Juni 15 zilipaswa kudumu hadi Julai 14. Petroli ya Nairobi ilikuwa shilingi 182.04, ikaruka hadi 195.53. Chukua kalamu: gawa 182.04 kwa 1.08 kuondoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya zamani ya asilimia 8, zidisha kwa 1.16 kuweka mpya ya asilimia 16. Utafika 195.53 ile ile, ukiacha senti moja ya kukadiria. Meli haikuchelewa wala dola haikupanda. Kilichobadilika ni ushuru peke yake, tena ukitozwa juu ya ushuru wa bidhaa na ada ya barabara zilizokwisha kuhesabiwa ndani. Mafuta yaliyokuwa kwenye matangi ya vituo yalikuwa yamenunuliwa kwa bei ya jana.

Mwenye gari angalau angeweza kukimbilia pampu Ijumaa jioni, kama habari ilimfikia. Mama anayenunua mafuta taa kwa chupa ya nusu lita hana tangi la kujaza. Kwake lita ilipanda kwa shilingi 11.96 usiku mmoja, karibu shilingi sita kwa kila chupa.

Isitoshe, Ijumaa hiyo hiyo, Juni 30, Jaji Mugure Thande alikuwa amesimamisha utekelezaji wa Sheria ya Fedha, iliyopandisha VAT hiyo, kufuatia kesi ya Seneta Okiya Omtatah. Mahakama ya Rufaa iliiondoa amri hiyo Julai 28. Wiki nne katikati, Wakenya walilipia pampuni asilimia 16 ambayo mahakama ilikuwa imeisimamisha. Mdhibiti anayejali jina lake angengoja.

Mchezo huu tuliuona Septemba 1, 2018, VAT ya asilimia 16 ilipoanzishwa katikati ya mwezi wa bei. Kelele zikapigwa, ikapunguzwa hadi 8 kabla Septemba haijaisha. Mwaka 2023 hakuna aliyerudi nyuma. Ndiyo maana nawakumbuka kwa heshima waliotunga kanuni za 2010, Kiraitu Murungi akiwa Waziri wa Kawi: waliwapa wanunuzi tarehe ya kutegemea.

Kalenda yao ikirudi, tangazo la Julai 14, 2023 lilikwenda sawa, petroli ikashuka senti 85.

Wabunge, andikeni kwenye sheria kwamba ushuru wowote mpya wa mafuta utaanza tarehe 15 ya mzunguko unaofuata, si siku moja kabla. Nawe msomaji, ukipata kituo kinachouza chini ya kikomo, hata kwa shilingi moja, kipe biashara yako.